Katodi ya floridi ya chuma: inajifia yenyewe au inauliwa na elektroliti?

#1 Mtambwe
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nipo Wete kwa likizo, na nimekuja na jambo linaloninyima usingizi.

Nasoma shahada ya pili ya kemia nje ya nchi. Mwaka mzima huu kazi yangu ni kutengeneza betri ndogo za mfano wa kifungo, kama zile za saa, zenye katodi, yaani upande chanya, ya floridi ya chuma, FeF2. Anodi, upande hasi, ni lithiamu tupu. Nilichukua unga ule ule na kaboni ile ile, nikatengeneza makundi mawili. Tofauti ni elektroliti tu, kile kimiminika kinachopitisha ioni, chembe zenye chaji, kati ya pande hizo mbili. Kundi la kwanza nililitia ile ya kawaida iliyomo kwenye simu zetu zote, chumvi ya LiPF6 ndani ya viyeyusho vya kaboneti. La pili nililitia chumvi ya LiFSI ndani ya etha.

Kundi la kwanza halikumaliza mizunguko 30 ya kuchaji na kutumia. La pili, mpaka napanda ndege kuja nyumbani, lilikuwa linakwenda.

Dai langu ni hili: kwenye katodi hizi elektroliti si njia ya kupitia ioni tu. Ndiyo inayoamua katodi iishi au ife. Msimamizi wangu anasema naharakisha, eti ubovu ni wa katodi yenyewe. Nyinyi mnasemaje?

#2 KijanaKisiwandui
Wa aleikum salaam. Yakhe, kwa sisi tulioishia kidato cha nne: elektroliti ndo maji ya betri?

#3 FundiDarajani
Kijana, hilo neno "maji ya betri" liache kwenye betri za gari. Mle mna asidi na maji, na yakipungua unaongeza. Hii ya lithiamu tone moja la maji ni sumu kwake.

Mie natengeneza simu miaka kumi na mbili sasa. Betri ikivimba na mfuko wake ukapasuka, unasikia harufu tamutamu, kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hiyo ndiyo elektroliti inatoka. Ni kimiminika chepesi kinachowaka moto, na ndani yake hamna maji kabisa. Ukisikia harufu hiyo toka nje, usiikurubishe pua.

#4 Mtambwe
Fundi kasema kweli. Nami nieleze kidogo, maana uzi utapotea kama hatujui kinachotokea mle ndani.

Katodi ya oksidi ya kobalti, ile ya simu, ni kama kabati la vyombo. Unatia sahani, unatoa sahani, kabati liko pale pale. Floridi haiendi hivyo. Floridi ni kama paa la makuti linaloezuliwa kila ukitumia chaji na kuezekwa upya kila ukichaji. Lithiamu ikiingia inampokonya chuma floridi yake. FeF2 inavunjika, zinabaki chembechembe za chuma tupu zenye upana wa nanomita chache, zimezama ndani ya LiF, floridi ya lithiamu. Ukichaji, chuma na floridi vinarudiana.

Sasa fikirini, kila paa likiezuliwa nani anaingia ndani? Ni elektroliti. Inagusana na chuma kipya, ambacho hakijawahi kuguswa na kitu. Chuma cha namna hiyo kina uchu. Kinavivunja viyeyusho vya kaboneti na mabaki yanaganda juu ya katodi kama ukoko wa wali. Kila mzunguko ukoko unazidi, mpaka lithiamu haipiti tena.

#5 MaalimFizikia
Maelezo mazuri, Mtambwe. Ila waambie watu kwa nini mnahangaika na kitu kinachobomoka kila siku. Sababu ni ujazo wa chaji. Katodi ya fosfeti ya chuma, iliyomo kwenye betri nyingi za sola zinazouzwa hapa mjini, mwisho wake kinadharia ni mAh 170 kwa gramu. Floridi ya chuma ni 712. Ni mara nne na ushei! Na chuma si kobalti, hakuna haja ya kungojea meli kutoka Kongo.

#6 Kaskazi77
Maalim, samahani, hapo pana mchanganyiko. 712 ni ya FeF3, inayopokea elektroni tatu. FeF2 anayoitumia Mtambwe inapokea mbili, na ujazo wake ni 571. Na volti zake ni ndogo kuliko za fosfeti, kama 2.66 kinadharia, kwa hiyo usilinganishe mAh peke yake. Zidisha ujazo kwa volti upate nishati: FeF2 inakupa kama Wh 1,500 kwa kilo ya unga wa katodi, fosfeti kama 580. Bado ni karibu mara mbili na nusu, si haba, lakini si mara nne.

Jengine, fosfeti inakuja na lithiamu yake ndani. Floridi haina hata chembe, inabidi lithiamu itoke upande wa anodi. Mtalikumbuka hili baadaye.

#7 MaalimFizikia
Nimesahihishwa, ahsante Kaskazi. Darasani ningejikata maksi.

#8 BintiWete
Mtambwe, karibu nyumbani. Mie ni fundi wa maabara, na naona umerukia chuma kabla ya kuuliza kuhusu unyevu.

LiPF6 haipatani na maji hata kidogo. Ikikutana nayo inatoa asidi ya haidrofloriki, HF. Asidi hiyo inakula chuma, inakula ule ukoko wako, na inaweza kutoa maji mengine inapokula oksidi, mchezo ukaanza upya. Elektroliti unayoisifu ya LiFSI haitoi HF kirahisi hivyo. Kwa hiyo pengine si kaboneti iliyoua betri zako, ni chumvi iliyomo ndani yake. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, chumvi na kiyeyusho, halafu unataka kujua kipi kimeua. Hujanunua samaki wawili kwa bei moja ukajua kila mmoja ni shilingi ngapi.

Unga wako uliukausha vipi? Floridi hizi zinapenda maji. Ni kama karafuu, zikinyeshewa jamvini hata ukianika siku tatu zile si zile tena.

#9 Mtambwe
Dada, umenibana penye mfupa. Niliukausha kwenye tanuri lisilo na hewa usiku kucha, na betri nilizifungia ndani ya kisanduku cha glavu chenye argoni, unyevu chini ya sehemu moja katika milioni. Lakini ni kweli nilibadilisha vyote viwili. Jaribio la LiFSI ndani ya kaboneti sikulifanya.

#10 KijanaKisiwandui
BintiWete hana huruma 😂 mtu kaja likizo kula pweza anasomeshwa.

#11 BintiWete
Atakula pweza akishajibu.

#12 NgalawaNungwi
Nawafuata kimya kimya, nina swali la mtu wa bahari. Sie zamani tulikuwa na karabai, siku hizi dagaa tunawavuta kwa taa za LED na betri. Ile kiza ya 2008 ya miezi mitatu, Unguja nzima haina umeme, ndiyo iliyonifanya ninunue betri yangu ya kwanza. Hizi za floridi zitafika lini sokoni Darajani? Na zitahimili jua la chomboni?

#13 BiShangani
Ngalawa, kiza cha miezi mitatu kilikuwa Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Cha 2008 kilianza Mei na hakikufika miezi miwili, kiliisha Juni. Navikumbuka vyote viwili maana cha pili nilikuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, na feni haikuzunguka hata siku moja. Waya wa umeme wa chini ya bahari wa Fumba, wa mwaka 1980, ndio ulitutesa, mpaka ulipokuja mpya 2013.

#14 Mtambwe
Kiza hicho kilikuwa chenu watu wa Unguja. Sie Pemba tulikuwa na majenereta yetu Wesha, waya wa Tanga ulikuja 2010 😀

#15 FundiDarajani
Na mkilala na vibatari siku dizeli ikiisha, hilo husemi.

Turudi kwenye betri. Jua la chomboni ni swali la maana. Betri nyingi ninazoletewa zimevimba zilikaa juu ya bati au kwenye kisanduku cha sola kisicho na tundu. Joto linaua.

#16 Kaskazi77
Joto linaua elektroliti ya kawaida, ndiyo, kwa sababu LiPF6 huanza kuvunjika betri ikipata joto sana. Lakini hapa floridi ina habari tofauti kabisa, na inamuunga mkono Mtambwe kwa njia asiyoitaja.

Mwaka 2019 kundi la Gleb Yushin pale Georgia Tech, Marekani, lilitoa matokeo ya FeF2 iliyojazwa ndani ya nyuzi za kaboni, elektroliti ikiwa polima ngumu, aina ya plastiki, badala ya kimiminika. Waliiendesha kwa nyuzijoto 50, ambalo ndilo joto la kisanduku cha bati mchana wa Kaskazi, na ikapita mizunguko 300 ikiwa bado na zaidi ya mAh 450 kwa gramu. Polima hiyo waliijaza ndani ya katodi tangu mwanzo. Inazifunika chembe kama ngozi, inanyumbuka katodi ikivimba, na chuma hakipati pa kuyeyukia.

Na hapo ndipo ninapoachana na Mtambwe na BintiWete wote wawili. Mie nasema ugonjwa mkubwa ni kuyeyuka. Angalieni floridi ya shaba, CuF2. Kwenye karatasi ni nzuri kuliko ya chuma, volti 3.55 na ujazo 528. Lakini ukiichaji, shaba haingoji kurudiana na floridi, inageuka ioni na kuyeyukia ndani ya elektroliti, kisha inasafiri mpaka upande wa lithiamu. Katodi imekwenda na maji. Ndiyo maana mpaka leo CuF2 haijawa betri ya maana ya kuchajiwa. Chuma kinafanya vivyo hivyo, ila pole pole. Elektroliti nzuri ni ile isiyokiyeyusha chuma, basi.

#17 MmeruFumba
Mie nimetoka Arusha, naishi Fumba. Nikisikia floridi nafikiria meno yangu. Huku Unguja watu wananiuliza kama navuta sigara sana, kumbe ni maji ya visima vya kwetu Meru, meno yanakuwa kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kule vinapita hapo mbali sana. Hii floridi ya betri ndiyo hiyo hiyo?

#18 BintiWete
Pole kaka. Ni ioni hiyo hiyo, lakini hapa imefungwa na chuma au na lithiamu. Hata maji ya bahari yana kiasi, kama miligramu 1.3 kwa lita. Kinachotisha kwenye betri ni HF niliyoitaja, hiyo inapenya ngozi mpaka mfupani. Fundi, tafadhali vaa glavu ukifungua betri zilizopasuka.

#19 FundiDarajani
Nimekusikia, Bi. Vijana wangu watatu nitawanunulia leo leo.

#20 MaalimFizikia
Ngojeni, mmeniacha. Wote mnaongea kemia, hakuna aliyegusa umbo. Unga ukigeuka kutoka FeF2 kwenda chuma na LiF, unavimba. Ukirudi, unanywea. Na LiF haipitishi umeme kabisa, floridi yenyewe pia haipitishi. Kila chembe inategemea kushikana na kaboni ili elektroni zifike. Vimba, nywea, vimba, nywea, mara 30, chembe zinaachana na kaboni. Tangu kundi la Amatucci pale Rutgers, miaka ya mwanzo ya 2000, siri ya floridi kufanya kazi ilikuwa kuisaga pamoja na kaboni mpaka iwe vipande vya nanomita. Elektroliti haikuwa hoja. Sasa nyinyi mnaipa sifa zote.

Halafu mna volti mbili. Unachaji kwa volti kubwa, unatoa kwa volti ndogo, tofauti inapotea kuwa joto. Kwa mtu mwenye paneli mbili juu ya bati hiyo ni hasara ya kila siku, na sidhani elektroliti itaiondoa.

#21 Mtambwe
Maalim, umbo ni kweli, lakini makundi yangu mawili yana unga mmoja na kaboni moja. Kama ni kuvimba, yangevimba sawa.

#22 MaalimFizikia
Si lazima. Ukoko laini unanyumbuka na chembe, ukoko mgumu unapasuka na kuzivuta. Elektroliti inaunda ukoko, ukoko unaamua umbo. Hapo tunakutana njiani.

#23 Kaskazi77
Na kuhusu umbo, watafiti wa Oxford mwaka 2020 walionesha jambo lililonishangaza. Walitengeneza chembe za FeF2 zinazolingana ukubwa, wakazitia kwenye elektroliti ya chumvi iliyo kimiminika, yaani chumvi tupu isiyo na kiyeyusho chochote, na wakapata ujazo karibu na ule wa kinadharia. Walipoangalia ndani, waliona floridi zinabaki zimejipanga vile vile, chuma na lithiamu ndivyo vinavyopishana katikati yake. Kwa hiyo paa la Mtambwe haliezuliwi lote. Boriti na pau zinabaki, yanayobadilishwa ni makuti.

#24 Mtambwe
Hilo la boriti nimelipenda. Nitaliiba kwenye tasnifu, kwa ruhusa yako.

#25 Kaskazi77
Chukua. Ila sikumaliza. Niliwaambia mkumbuke kwamba lithiamu yote inatoka kwenye anodi. Mtambwe, umepima kifo cha betri, hukupima kifo cha katodi. Lithiamu tupu ndani ya LiPF6 na kaboneti inaota miiba na kujilia yenyewe. Ndani ya LiFSI na etha inatulia. Kila mtu anayefanya kazi na lithiamu tupu anajua hili. Pengine katodi yako ilikuwa nzima siku zote, na aliyekufa ni mwenzake wa upande wa pili.

#26 BiShangani
Mie si mkemia, lakini hii imeniingia. Mume na mke wakiachana, usimlaumu mmoja kabla hujaingia ndani.

#27 Mtambwe
Kaskazi, niliingia ndani. Nilizifungua mbili za kundi la kwanza zilizokufa, ndani ya kisanduku cha glavu. Niwaeleze nilichokiona.

Kitenganishi, ile karatasi nyembamba nyeupe ya plastiki inayokaa kati ya katodi na anodi, haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa na doa la duara, kubwa kama katodi yenyewe, rangi ya chai ya rangi iliyowekwa maji mengi, limekolea zaidi pembeni. Upande unaotazama lithiamu ulikuwa mweusi na umegandana, nilipouvua kwa kibano ulichanika na kubaki na magamba. Za etha sikuzifungua kwa sababu zilikuwa bado hai.

Kisha nikachukua katodi moja, nikaiosha, nikaipa lithiamu mpya na elektroliti mpya. Ujazo ulirudi kiasi. Haukurudi wote, lakini ulirudi zaidi ya nilivyotarajia.

#28 Kaskazi77
Doa la chai! Hicho ni chuma kilichoyeyuka, kesi yangu hiyo.

#29 BintiWete
Au ni viyeyusho vilivyooza. Elektroliti ya LiPF6 ikiharibika inabadilika rangi yenyewe, hata kwenye chupa, kutoka maji meupe kwenda njano mpaka kahawia. Chuma kitajulikana kwa kipimo, si kwa jicho.

#30 FundiDarajani
Nakubaliana na Bi. Mie naona kahawia hilo kwenye betri za simu zilizopata joto, na zile hazina floridi ya chuma kwenye katodi.

#31 MaalimFizikia
Na ujazo uliorudi kiasi? Ule uliorudi ni wa lithiamu, kama Kaskazi alivyosema. Ule usiorudi ni wa katodi. Sasa ni nusu kwa nusu, au vipi?

#32 Mtambwe
Ndiyo maana nimekuja huku kuuliza.

#33 KijanaKisiwandui
Kwa hiyo etha ndiyo jibu? Tutie etha kwenye betri zote basi.

#34 Kaskazi77
Hapana, kijana. Etha haivumilii volti kubwa, ikipita 4 inaanza kuungua. Floridi ya chuma imebahatika kufanya kazi chini ya hapo, kwa taabu. Oksidi za simu yako zinachajiwa juu ya hapo. Na LiFSI nayo ina tabia yake, ndani ya viyeyusho vingine inaweza kuitoboa karatasi ya aluminiamu iliyobeba katodi volti zikipanda. Ukiifanya nzito sana inatulia, lakini inakuwa kama asali, na ghali. Kila elektroliti unayoichukua inakuja na deni lake.

#35 NgalawaNungwi
Mie swali langu la jua la chomboni lilijibiwa nusu. Hiyo polima ya nyuzi 50 inapenda joto. Usiku baharini je, Kusi ikivuma?

#36 Kaskazi77
Hapo umeigusa pabaya. Polima hizo zikipoa ioni zinakwenda kwa kujikokota. Taa yako ingefifia saa ile unayoihitaji. Kwa sasa baki na fosfeti ya chuma, ifunike na jua, na iachie tundu la hewa.

#37 NgalawaNungwi
Shukran sana. Hilo naliweza leo.

#38 BintiWete
Mtambwe, nina swali moja nalo ni dogo. Ile katodi uliyoifungua uliiosha. Uliiosha na nini?

#39 Mtambwe
Dimethili kaboneti. Ndivyo wanavyofanya wote maabara kwetu.

#40 BintiWete
Yaani uliiosha kwa kaboneti katodi ambayo unasema iliuliwa na kaboneti. Na kaboneti hiyo inayeyusha sehemu ya ukoko. Ujazo uliorudi huenda si wa lithiamu mpya hata kidogo. Huenda uliusugua ukoko bila kujua.

#41 MaalimFizikia
Lo.

#42 Mtambwe
Nimekaa na hili tangu alasiri, dada. Sina pa kupita. Narudi maabara mwezi ujao na nitafanya hivi: katodi zilizokufa, nusu nitaziosha kwa etha, nusu sitaziosha kabisa. Lithiamu mpya kwa zote. Halafu lile jaribio lako la LiFSI ndani ya kaboneti, na kitenganishi nitakipeleka kipimwe chuma. Na nitafungua moja ya kundi la etha hata kama bado iko hai.

#43 Kaskazi77
Fungua mbili. Moja usiiguse na kiyeyusho chochote.

#44 FundiDarajani
Na piga picha ya hilo doa kabla halijakauka, utuletee hapa.